Mstari wa Saba

Stima ilipotea saa saba usiku, Pangani nzima,
ikarudi baada ya dakika nne kama mtu aliyesahau funguo.
Taa zikawaka. Friji ya chanjo ikanguruma.
Seva ikakaa kimya.

Saa nane nilikuwa chini ya ngazi za wodi ya wazazi,
katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka,
sweta juu ya nguo za kulalia,
na Lokwang', askari wa lango, akinimulikia kwa simu
ingawa taa ilikuwa inawaka.
Alisema anataka kusaidia. Nikamwacha amulike.

Nabonyeza. Feni zinavuma,
herufi nyeupe zinapanda kwenye weusi, mbiombio,
sawa, sawa, sawa, sawa,
kisha mstari mmoja unasimama:
nangoja diski.
Sekunde tisini. Inahesabu
kama mtoto aliyefunika macho wenzake wakijificha.
Nikizima, nikiwasha, inangoja tena.
Mara ya tatu. Mara ya tano, kwa ujinga wangu.
Aliyelala usimwamshe, walisema wahenga;
wao hawakulipwa mshahara wa kuamsha.

Juu, Sista Kerubo amechana katoni ya glavu,
anaandika upande usio na rangi:
kitanda cha sita, sentimita saba, presha iko juu.
Kitanda cha tisa anavuja damu. Ni kundi gani?
Jibu limo humu, ndani ya sanduku hili linalongoja.
Anashuka mwenyewe, hanipigii kelele,
anasimama mlangoni na kuuliza tu, "Bado?"

Bado.

Mwishowe inanifungulia mlango wa uani,
hali ya dharura, na kishale kinachopepesa.
Nywila ya mzizi iko kwenye plasta chini ya kibodi,
mwandiko wa Odanga, aliyekuwa hapa kabla yangu.
Naingia. Inaniruhusu kusoma, hainiruhusu kuandika,
kama karani wa masijala wa zamani.
Naibembeleza kwa amri moja ndefu. Inakubali.

Nafungua orodha ya diski.
Mstari wa saba: ile ya nakala, ya kijivu, kebo ya buluu.
Naijua.
Naijua kwa sababu niliing'oa mimi,
mwezi wa tatu, nikiwa mgeni, nikiwa mwerevu;
niliona inakwaruza usiku kucha na haina kazi,
nikaitupia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa.
Hakuna kilichoharibika siku ile. Wala kesho yake.
Seva haikuzimwa siku mia moja na kumi na tisa,
na kosa langu likalala ndani yake, limejifunika gubigubi,
likisubiri stima ipotee.

Juu ya mstari huo Odanga alikuwa ameacha maneno matano:
ukiitoa hii, futa na hapa.

Sifuti. Naweka alama ya reli mwanzoni,
ili mashine iupite mstari
kama mwalimu anavyolipita jina la mtoto aliyehama.
Nawasha.
Sawa, sawa, sawa,
sawa.
Haikungoja mtu.

Kitanda cha tisa: O hasi.
Kerubo alipanda ngazi mbilimbili, kandambili zikipiga saruji.
Lokwang' alizima simu yake, imebaki asilimia nne,
akaniuliza ilikuwa nini.
"Stima," nikasema.
Akatikisa kichwa. Stima anaijua.

Sasa ni saa kumi na moja. Baridi ya Julai inapita chini ya mlango.
Mkurugenzi anataka ripoti kabla ya saa mbili.
Nimeandika "Chanzo",
nikaweka nukta mbili,
nikafuta, nikaandika tena.
Kishale kinapepesa.
Najipa sekunde tisini.